Kilo Saba Zilienda, Kilo Tisa Zikarudi

Mara ya mwisho mliniacha juu ya mizani ya viazi.

Naam, viazi. Ile mizani ya Gachanja pale Bahati, anayopimia magunia. Nilifunga safari kutoka kwetu Rhonda, mtaa wa Nakuru, hadi kule ili mtu yeyote anayenijua asinione nikipimwa. Mpango mzuri sana, wa mtu aliyesoma. Ila Gachanja ana mazoea ya kazi yake. Nilipopanda tu, akamgeukia mtu wake wa daftari akapaza sauti ya soko zima: "Themanini na mbili! Andika!"

Akina mama wa kabichi wakageuka. Mmoja akauliza kama hayo magunia yamebaki.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitamfupishia balaa. Mimi ni Shantel, mama ya Cate wa miezi saba. Mwezi mmoja baada ya kujifungua, mume wangu Sitati alijaribu kunifunga zipu ya gauni la kanisa, akahema, akasema, "Mama Cate, hii zipu imestaafu." Alikuwa anatania. Mimi nilicheka pia. Kesho yake nikaanza kula nanasi.

Nanasi na maji moto, mwezi mzima. Kilo saba zikaenda. Nikapiga picha, nikaweka kila mahali, nikapongezwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia. Wiki sita baadaye zikarudi tisa. Nadhani zile saba zilipata marafiki huko zilikokwenda.

Nikahamia supu ya kabichi. Tano zikaenda, sita zikarudi.

Sasa mtu aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kwenye masomo ya jioni, tumbo la miezi minane likigonga dawati, akapata B ya hesabu, angetazama hizo namba akaona zinaelekea wapi. Mimi nilitazama nikaona kwamba tatizo lilikuwa nanasi. Na kabichi. Kwa hivyo nikaingia Siku Ishirini na Moja za Madam Jepleting.

Madam Jepleting anakaa Milimani, mtaa wa wenye pesa. Sijawahi kumwona, namsikia tu kwenye kundi la simu, ana sauti ya mtu aliyekula vizuri. Masharti yake ni mayai mawili, tango, na maji ya ndimu. Ukitamani chakula, kunywa maji. Ukizidi kutamani, lala. Ukivunja siku moja, unarudi siku ya kwanza.

Basi nilikuwa bado juu ya mizani, Gachanja akinisubiri nishuke apime viazi vya watu, simu ikalia. Mama mkwe wangu.

"Mama Cate, niko hapa steji ya Nakuru. Nimetoka Bungoma. Nimekuja kuona mtoto. Mje mnichukue, huyu jogoo ananichosha."

*

Mama mkwe alinitazama mlangoni muda mrefu, jogoo akiwa kwapani. Wote wawili walinitazama.

"Uko mgonjwa?"

"Hapana mama. Niko sawa kabisa."

"Mbona macho yamezama hivi? Sitati! Huyu msichana anakula?"

"Anakula, mama," Sitati akasema, akiniangalia mimi. Sitati ni fundi wa makochi na ni mtu wa amani. Watu wawili wakigombana mbele yake, yeye hugeuka refa aliyesahau filimbi nyumbani.

Lazima niwaeleze kitu kimoja, hasa nyinyi mliozaliwa mjini kama mimi. Mimi ni mjukuu wa watu wa reli, tumekulia Nakuru, kwetu mtu akisema ameshiba, tunamwamini. Kwa kina Sitati, chakula cha mama mkwe hakikataliwi. Mkaza mwana anayekataa sahani ya mama ya mume wake amesema neno bila kufungua mdomo, na hilo neno si zuri.

Nilijua hayo. Nilijua vizuri. Lakini nilikuwa siku ya kumi na nne.

Kesho yake mchana alisonga ugali, akapika mrenda na samaki wa kukaanga aliowabeba toka huko kwa gazeti. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Mimi, kwa adabu zote za dunia, nikasema, "Asante mama, lakini mimi nitakula hii."

Nikatoa tango.

Alitazama tango. Akatazama sahani yangu. Kisha akaniuliza polepole sana, "Mama Cate, unafikiria nimeweka nini hapo ndani?"

"La, mama! Hakuna! Ni dayati tu. Napunguza mwili."

"Unapunguza mwili. Wa nani?"

"Wangu."

"Huo ni mwili wa nyumba ya Sitati. Kule nyumbani wakikuona hivi watasema mtoto wangu ameshindwa kulisha mke." Akavuta sahani yangu upande wake. "Mama ya mume wangu hakunipenda miaka kumi na mbili. Alinipikia, nikala. Siku alinirushia mwiko, nikala. Wewe nimekukosea nini?"

Nikamwangalia Sitati. Sitati alikuwa anatoa mfupa wa samaki kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji.

Madam Jepleting nilimtumia ujumbe nikiomba ushauri. Akajibu kwa sauti kwenye kundi zima: "Watu wa karibu ndio watawajaribu zaidi, madada. Hiyo ni wivu. Na hiyo njaa mnasikia si njaa, ni sumu inatoka."

Basi kumbe. Nilikuwa na sumu nyingi sana. Ilikuwa inatoka tumboni ikinguruma.

*

Jumatano mama mkwe hakupika. Alikaa mbele yangu, akamtazama Cate akinyonya titi hili, akaliachia, akalia, akapewa lile, akalia tena.

"Huyu mtoto anavuta nini hapo?"

"Maziwa, mama."

"Maziwa ya tango."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Sikia, Mama Cate. Jumapili nimemwita Joash, baba yenu mdogo. Aje tuongee. Kama mambo ni haya, Jumatatu naondoka na huyu mtoto. Kule kuna ng'ombe. Kuna uji. Wewe ukimaliza kupungua, utakuja kumchukua."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo nilipojua anamaanisha. Mama mkwe akikasirika hupoa kabla ugali haujaiva. Lakini hili alilisema kama mtu anayepanga siku ya kuvuna.

Nikambeba Cate nikatoka naye nje. Jirani yangu Kadija alikuwa mlangoni pake akikanda unga wa mahamri. Watu wa kwao walikuja Nakuru kutoka Pwani zamani za babu, na yeye bado huongea kama mawimbi yako nyuma ya nyumba.

"Nimeyasikia," akasema. "Kuta za Rhonda ni karatasi. Shoga yangu, wallahi, kula."

"Nimebakisha siku sita tu, Kadija."

"Na zile za nanasi ulibakisha ngapi?"

"Zile nilimaliza."

"Zikaenda wapi?"

Nikamhamisha Cate bega la pili.

"Mpeleke mtoto kliniki kesho," akasema, akiuchapa unga. "Ukirudi uniambie nani mjinga, mimi au tango."

*

Alhamisi nilimpeleka. Zeddy, dada wa lishe, akamweka Cate kwenye mizani yake ndogo, akafungua kile kijitabu. Ule mstari wa uzito ambao ulikuwa unapanda vizuri tangu azaliwe ulikuwa umelala. Miezi miwili, umelala tu, kama mtu aliyechoka kupanda.

"Mama anakula nini?"

"Mayai mawili, tango, na maji ya ndimu."

"Kwa mlo mmoja?"

"Kwa siku."

Zeddy akaweka kalamu chini. Nikamweleza yote, zipu, nanasi, kabichi, kilo saba, kilo tisa. Nilimwambia pia kwamba shida yangu ni kukosa msimamo.

"Msimamo?" akasema. "Umekaa njaa mara tatu kabla mtoto hajaota meno, na unanyonyesha. Msimamo unao mpaka umezidi. Mama Cate, mwili wako haujui habari ya zipu. Unachojua ni kwamba chakula kimekatika. Kwa hivyo unafanya vile wewe hufanya gesi ikikaribia kuisha, unateremsha moto. Unachoma kidogo. Halafu kichwani njaa inapiga kengele asubuhi hadi jioni, unaota chapati ukiwa macho. Zile kilo za haraka za mwanzo, nyingi ni maji, na zingine ni misuli. Siku ukishindwa kuvumilia, na karibu kila mtu hushindwa, chakula kinaingia kwa wingi na moto bado uko chini. Unafikiri kinaenda wapi?"

Nikajitazama mapaja. Nikaona kilikokwenda.

"Kwa hivyo nitakuwa hivi tu?"

"Sijasema hivyo. Mwaka ukiisha, mtoto akiwa anakula vizuri, njoo tupange. Polepole. Ule chakula cha nyumbani kwako, na watu wa nyumbani kwako, upunguze hiki kidogo, uongeze mboga, utembee. Hutapiga picha mwisho wa mwezi, lakini kilo zitakazokwenda hazitarudi na wenzake. Sasa hivi nataka ule. Kwa sababu ya huyu." Akamgusa Cate shavu.

Nilishuka ngazi za ile kliniki nikilia, na nikiapa. Nilimwamini Zeddy neno kwa neno.

Halafu nikahesabu, nikaona zimebaki siku tano tu.

Mnacheka. Chekeni. Lakini mtu ambaye amekaa na njaa siku kumi na sita hawezi kuitupa hivi hivi, ni kama kutoka kwenye foleni ukiwa wa tatu. Nikajiambia nitamaliza, nipate hata kilo moja ya kumwonyesha Madam, kisha nitakula kama mtu. Na Jumapili nitaongea vizuri na baba mdogo Joash. Nitamwonyesha vyeti vyangu. Mtu mwenye vyeti hanyang'anywi mtoto.

Naona mnatingisha vichwa. Mngekuwepo mngeniambia.

*

Jumapili asubuhi jogoo alichinjwa. Mama mkwe alimpika kabla ya kanisa, polepole, na kitunguu na chumvi tu, akasema kuku wa kienyeji hahitaji kupambwa. Firigisi aliitenga vizuri juu ya nyama. Firigisi kwa watu hao ni ya mwanaume mkubwa aliye mezani, na mkubwa wa siku hiyo alikuwa Joash. Ugali aliusonga akaufunika kwa kitambaa.

"Wewe baki na mtoto, ana mafua," akaniambia. "Sufuria hiyo usiiache peke yake, paka wa huku ni wezi."

Wakaenda kanisani, yeye na Sitati. Paka akabaki.

Nilimlaza Cate. Nikaketi mbali na jiko. Nikanywa maji. Nikanywa mengine. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia, kwa hivyo mbali na jiko ni hatua nne.

Nilifunua sufuria ili kuonja chumvi, kwa faida ya familia. Kijiko kimoja.

Chumvi ilikuwa sawa. Nikahakikisha.

Kisha nikachukua bawa, kwa sababu bawa ni mifupa tu, si nyama. Kisha lile bawa lingine, ili jogoo asionekane ameinama upande mmoja. Na baada ya hapo sitawadanganya kwamba nilifikiri chochote. Nilikula nimesimama. Nilikula paja nimeushika ugali kwa mkono wa pili. Nilikula shingo, kidari, ngozi. Nililia kidogo na sikuacha kutafuna. Niliokuwa nakula haukuwa mlo wa siku moja. Nilikuwa nakula nanasi lote na kabichi yote na kila jioni niliyolala ili nisihisi.

Nilipopata akili tena, nilikuwa nimekaa sakafuni, na mkononi nilikuwa nimeshika nusu ya firigisi. Nusu nyingine ilikuwa imeshapita.

Mlango ukafunguka. Kadija, na sahani ya mahamri aliyomletea mama mkwe.

Akatazama sufuria. Akanitazama mimi. Akatazama ile nusu.

"Alhamdulillahi," akasema. Kisha uso ukabadilika. "Hiyo si ya mgeni?"

"Kadija, nisaidie. Wanatoka kanisani saa saba."

"Imebaki nusu saa! Kuku nitatoa wapi, nimzae?"

Alimtoa kwa mama anayeuza broila nyuma ya msikiti. Tukamkata, tukamtumbukiza kwenye mchuzi uliobaki, tukawasha gesi hadi mwisho, kisha tukasonga ugali mwingine. Broila aliiva kwa dakika kumi na tano na akalala humo mweupe, laini, mnene, kama mtu wa ofisini aliyeingia kambi ya jeshi. Firigisi hakuwa nayo. Huyo mama huziuza kando.

"Labda hawatajua," nikasema.

Kadija akanionea huruma. "Mzee wa Bungoma? Mfunge macho, mzibe pua, atakuambia kuku alikuwa anaitwa nani."

*

Joash alifanya kazi kiwandani hapa mjini miaka thelathini na ana sauti ya king'ora cha zamu. Aliomba dua ndefu. Akaombea mvua, akaombea vijana, akaombea nyumba hii ipate maelewano. Akanawa. Akafunua sufuria.

Akachovya kidole kwenye mchuzi, akalamba. Akainua paja jeupe la broila kwa vidole viwili, likajitenganisha na mfupa lenyewe, likaanguka.

"Shemeji," akamwambia mama mkwe kwa upole, "huyu jogoo ulitoka naye Bungoma?"

Mama mkwe akasimama kuchungulia. Nikaona macho yake yakizunguka sufuria, yakitafuta, yakikosa. Kisha yakaja kwangu.

Nilikuwa nimeandaa hadithi ya paka. Nilikuwa nayo yote, hadi rangi ya paka. Lakini Cate alikuwa mapajani mwangu akininyonya, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikuwa anameza bila kulia. Sikuweza.

"Ni mimi, mama. Nimemla."

"Umemla nani?"

"Jogoo."

"Kipande?"

"Mzima. Na ugali ule wa kwanza. Na firigisi."

Sitati alisahau kufunga mdomo.

Mama mkwe akaketi. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia, nikajua nimeua. Kumbe anacheka. Alicheka hadi akajifuta na leso, akapiga kigelegele kilichomwamsha mtoto wa jirani.

"Amekula! Joash, amekula! Nilifikiri msichana ananiona mchawi! Kumbe alikuwa na njaa tu!" Akaja akanishika uso kwa mikono miwili. "Na chumvi ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa, mama."

"Basi imeisha. Mtoto abaki na mama yake. Imeisha!"

Nilikuwa nimeshaanza kumshukuru Mungu. Nilikuwa nimefika katikati ya shukrani.

"Haijaisha," akasema Joash.

Hakuwa amekasirika kuhusu firigisi. Ningependa angekasirika. Alikuwa ananitazama kama Zeddy alivyotazama ule mstari.

"Shemeji, fikiria vizuri. Mtu anakataa sahani yako siku tano mbele ya watu. Halafu watu wakitoka, anakula kuku mzima peke yake, amesimama. Huyo si mtu amepata akili. Huyo ni mgonjwa kuliko vile ulinieleza. Na kesho? Kesho atarudia tango. Mama Cate, nakosea?"

Nilifungua mdomo nimwambie anakosea. Simu yangu ikaangaza mezani. Madam Jepleting: "Siku ya kumi na tisa, madada! Aliyeanguka leo, kesho tunaanza naye upya!"

Joash aliusoma ule ujumbe. Sitati aliusoma. Na Mungu ananiona, kwa sekunde moja, nikiwa nimeshiba hadi kooni na mtoto wangu akijadiliwa, kichwa changu kilikuwa kimeshasema: kesho, siku ya kwanza.

Sikusema kwa sauti. Lakini Sitati ananijua. Aliona.

"Mwenye nyumba aseme," Joash akaamua. "Sisi ni wageni."

Sitati aliinuka. Akapita pazia, tukamsikia akivuta kitu chini ya kitanda. Alirudi na begi la Cate, lile la maua, limefungwa, limejaa.

"Nani amepanga hiyo?" mama mkwe akauliza. "Mimi sijapanga."

"Ni mimi," Sitati akasema. "Tangu Alhamisi. Nilisoma kile kijitabu cha kliniki."

Akaliweka mlangoni. Kisha akarudi nyuma ya pazia, akatoka na begi la pili, kubwa. Nililitambua kabla halijagusa sakafu, kwa sababu mkono wa lile gauni langu la kanisa ulikuwa umebanwa kwenye zipu yake.

Mume wangu hakunitazama. Alisimama katikati ya yale mabegi mawili, mikono ikining'inia.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza. Mimi mdomo ulikuwa umejaa mafuta ya jogoo na ulikataa kufunguka.

"Sitati. Huyu unamrudisha kwao, ama unanipa mimi nikamlishe?"